Simba wa Vidukari: Maisha ya Mtoto wa Mbawa-kimia

Mtu apitaye jioni katika mtaa wa Kanyenye, mjini Tabora, mara baada ya mvua za kwanza kunyesha na taa za vibarazani kuwashwa, hakosi kuona wadudu wa kila namna wakizizunguka taa hizo: kumbikumbi, nondo, mbawakavu na wengineo. Miongoni mwao huwamo mdudu mmoja mwembamba, wa rangi ya kijani, mwenye mwili wa urefu wa sentimita moja hivi, ambaye hupenda kutua ukutani na kuzilaza mbawa zake juu ya mgongo kama paa la nyumba lenye miteremko miwili. Mbawa hizo ni angavu, nazo zimepitiwa na mishipa myembamba mno iliyofumana mfano wa kitambaa cha kimia. Macho yake humetameta kama dhahabu mbele ya taa. Akishikwa huacha harufu mbaya vidoleni, na labda ndiyo sababu mwenye nyumba humpiga ndara bila ya kuuliza ni nani.

Wataalamu wa wadudu wamemweka katika jamaa ya Chrysopidae, jina litokanalo na maneno ya Kiyunani yenye maana ya dhahabu na jicho. Zaidi ya spishi 1,200 za jamaa hiyo zimekwisha kuelezwa duniani, na barani Afrika zimo, pamoja na nyingine nyingi, Chrysoperla congrua na Chrysoperla pudica. Katika makala haya tutamwita mbawa-kimia, kwa ajili ya hizo mbawa zake. Lakini mdudu mzima si shabaha yetu hasa. Shabaha yetu ni mtoto wake, ambaye hafanani naye hata kidogo. Hana mbawa wala uzuri. Hujificha chini ya majani ya kunde na ya pamba, na huko hutenda kazi ile ile ambayo mkulima hununua dawa kwa fedha nyingi ili itendeke. Kila msimu huuawa na watu wale wale anaowatumikia, kwa kuwa sura yake ni ya mharibifu.

Yai juu ya uzi

Jike la mbawa-kimia hutaga usiku. Hushusha ncha ya tumbo lake hadi kwenye jani, huacha hapo tone dogo la ute, kisha huliinua tumbo, na lile tone huvutika likawa uzi mwembamba ambao hukauka na kuwa mgumu kwa muda wa sekunde chache tu. Juu ya ncha ya uzi huo huweka yai moja. Akisha, husogea kidogo akaanza tena. Yai lenyewe ni la kijani hafifu, lina umbo la punje ya mchele, na urefu wake ni kiasi cha milimita moja. Uzi waweza kuwa wa milimita kadhaa hadi karibu sentimita moja. Jike apataye chakula cha kutosha aweza kutaga mayai mia kadhaa katika maisha yake.

Zamani huko Ulaya watu waliookota majani yenye nyuzi hizo walidhani kuwa ni aina ya kuvu au mmea mdogo sana uotao juu ya mmea mwingine. Mfaransa Réaumur, aliyeandika juu ya wadudu katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, alieleza kuwa ni mayai, na mtoto atokaye humo akampa jina la simba wa vidukari. Jina hilo limedumu katika lugha nyingi, nasi hatuna sababu ya kulikataa.

Kwa nini mama ajipatie taabu yote hiyo? Sababu ya kwanza ni sisimizi. Mahali penye vidukari hapakosi sisimizi, kwa kuwa vidukari hutoa maji matamu ambayo sisimizi huyanywa, na kwa ajili ya maji hayo huwalinda vidukari kama mchungaji alindavyo ng'ombe wake. Yai lililowekwa juu ya jani tupu lingeokotwa upesi. Lililo juu ya uzi mwembamba na mtelezi hupitwa na sisimizi akaendelea na safari yake. Sababu ya pili haipendezi sana kuisimulia. Watoto wa mbawa-kimia hulana. Yule atanguliaye kutoka yaini, akiwa na njaa, humla ndugu yake ambaye bado yumo yaini pindi amfikiapo, hata nyuzi hizo zikawa ni ulinzi wa watoto dhidi ya wenzao wa tumbo moja.

Katika joto la miezi ya Oktoba na Novemba mjini Tabora, yai huchukua siku tatu hadi tano hivi. Rangi yake ya kijani hugeuka kuwa ya kijivu, na mwenye kioo cha kukuzia aweza kuyaona macho ya mtoto ndani ya ganda. Mtoto hulipasua ganda kwa jino dogo lililo kichwani, jino ambalo halina kazi nyingine wala halitumiki tena. Hutoka, akakaa juu ya ganda tupu kwa saa kadhaa mpaka ngozi yake iwe ngumu, kisha huushika uzi akateremka kichwa chini hadi kwenye jani. Hapo maisha yake ya kuwinda yameanza.

Taya zenye mirija

Mtoto wa mdudu atokaye yaini akiwa na umbo lisilo la mzazi wake huitwa lava. Lava wa mbawa-kimia anapoanguliwa hana urefu wa kuzidi milimita mbili. Mwili wake ni mpana katikati na umechongoka mkiani, mfano wa mamba mdogo sana; rangi yake ni mchanganyiko wa kahawia, kijivu na maziwa. Ana miguu sita, na kati ya kucha za kila mguu pana kijiti kidogo chenye mdomo mpana kama tarumbeta, ambacho humsaidia kushika majani yenye utelezi. Tena ana mguu wa saba, ikiwa twaweza kuuita hivyo. Ncha ya tumbo lake hutoa ute unatao, naye huitumia kujishikiza hata akining'inia chini ya jani katika upepo.

Silaha yake imo kichwani. Wadudu walao majani wana taya fupi za kutafunia. Lava huyu ana taya mbili ndefu zilizopinda kama mundu, zielekeazo mbele. Kila upande, taya ya juu na taya ya chini zimebanana, na kati yake umebaki mfereji. Kwa hiyo kila mundu ni mrija pia. Lava akikutana na kidukari humchoma kwa ncha zote mbili, na mara nyingi humwinua juu, miguu ikipapatika hewani, asipate kujishikiza kwenye jani. Kupitia mirija ile humtia maji yenye vimeng'enya, ambavyo huyeyusha nyama ya kidukari ndani ya ngozi yake mwenyewe. Kisha hufyonza uji huo. Muda si muda kidukari amekuwa ganda kavu lililokunjamana, nalo hutupwa. Twaweza kusema kwamba lava huyu hupika chakula chake ndani ya mwili wa anayeliwa.

Msomaji asidhani kuwa mwindaji huyu ana macho makali. Ana vijicho sita vidogo kila upande wa kichwa, lakini aweza kumpita kidukari kwa umbali mdogo sana asitambue kuwa yupo. Hutembea akikipeleka kichwa huku na huko, akipapasa, na chakula chake hukijua hasa kwa kukigusa. Hata hivyo kutembea kwake kuna kanuni. Kabla ya kula huenda upesi, akafuata kikonyo cha jani, ukingo wa jani au mshipa wake mkubwa. Akisha kula, mwendo wake hubadilika: hupunguza kasi, hugeukageuka, na huzunguka mahali pale pale kwa dakika kadhaa. Asipopata tena, hurudia mwendo wake wa kwanza na kuhama. Mtu aliyepata kuokota uyoga katika miombo ya Unyamwezi ataielewa hekima hiyo bila ya maelezo. Uyoga hauoti mmoja mmoja. Aliyeupata mmoja huinama na kutazama kandokando kabla ya kuondoka. Vidukari nao huishi makundi makundi.

Hatari kubwa ya lava ni siku ya kwanza na ya pili. Akiba aliyotoka nayo yaini ni ndogo mno, na asipopata kidukari, yai la nondo, utitiri au hata tone la maji matamu la kumshikiza kwa muda, hufa. Wengi hufa hivyo. Waliosalia hukua kwa kujivua ngozi mara mbili, yaani hupita hatua tatu, na kwa joto la nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi safari hiyo huchukua siku tisa au kumi hivi. Hatua mbili za kwanza ni za mlaji wa kiasi. Hatua ya tatu ni ya mlafi: katika siku chache hizo hula sehemu kubwa sana ya chakula chote cha utoto wake, aghalabu robo tatu au zaidi. Akiisha kufikia urefu wa milimita nane au kumi, atakuwa amekula vidukari kwa mamia. Huyu mkubwa ndiye aonekanaye na mkulima, na ndiye adhaniwaye kuwa kiwavi.

Mara chache, akitambaa juu ya mkono wa mtu, huchoma ngozi kujaribu kama ni chakula. Uchungu wake ni mdogo kuliko wa kuumwa na sisimizi, wala hauna madhara.

Tumbo lisilo na njia ya kutokea

Kuna jambo moja la lava huyu ambalo huwashangaza hata wanafunzi wa elimu ya viumbe. Hula wiki nzima na zaidi, wala hatoi mavi. Utumbo wake wa kati haujaungana na utumbo wa nyuma. Mabaki yote ya chakula hukaa ndani, yakingoja mdudu awe mzima.

Utumbo wa nyuma, basi, wafanya kazi gani? Wadudu wengi wana mirija inayoitwa mirija ya Malpighi, ambayo kwao ni kama figo kwetu. Katika lava wa mbawa-kimia aliyekomaa, mirija hiyo huacha kazi ya figo ikatengeneza hariri, na hariri hutokea mkiani. Buibui husokota kwa tumbo, kiwavi wa nondo kwa mdomo, na huyu kwa njia ambayo wengine hutolea uchafu.

Hali hiyo hiyo ya utumbo uliofungwa, pamoja na taya zenye mirija, yaonekana kwa ndugu yake ambaye kila mtoto wa Kanyenye anamfahamu, ingawa pengine hajui undugu huo. Chini ya upenu wa nyumba, mahali mvua isipofika, mna vishimo vya mviringo katika mchanga mkavu, kila kimoja mfano wa faneli. Mtoto akitia kijiti au sisimizi ndani, mchanga hurushwa kutoka chini, na taya mbili hujitokeza. Mchimbaji wa kishimo kile ni wa oda moja na mbawa-kimia, oda ya Neuroptera. Yeye amechagua kungoja; aweza kukaa mwaka au zaidi kabla ya kukomaa, kwa kuwa chakula chake huja kwa bahati. Wa majanini amechagua kutembea, naye humaliza utoto wake kwa siku zisizozidi wiki mbili au tatu.

Wavaao takataka

Si lava wote wa jamaa hii waendao uchi. Wapo ambao wana nywele ndefu zilizopinda mgongoni, na juu ya nywele hizo hutundika kila kitu: maganda ya vidukari waliowala, vipande vya magome, nta, vumbi. Mtu akitazama tawi la muembe au la mlimau huona kifurushi cha taka kinatembea. Akikigusa kinasimama, akikiacha kinaendelea.

Faida ya vazi hilo ilipimwa na Thomas Eisner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 1978. Walimchunguza lava wa Chrysopa slossonae, ambaye huishi katikati ya vidukari wenye nta nyeupe kama pamba. Lava huyo huwanyofoa vidukari nta yao na kujifunika nayo. Sisimizi walinzi walipomkuta amevaa nta walimpita kana kwamba ni mmoja wa mifugo yao. Wachunguzi walipomvua, sisimizi walimshika wakamwondoa. Mwizi amevaa ngozi ya kondoo mbele ya mchungaji.

Desturi hiyo ni ya kale kupita kiasi cha kufikirika kwa urahisi. Mwaka 2012 wataalamu walieleza lava aliyegandishwa ndani ya kaharabu huko Hispania, mwenye umri wa kiasi cha miaka milioni 110, akiwa bado amebeba mzigo wake wa nywele za mimea mgongoni. Wakati huo dinosauri walikuwapo.

Kifukofuko na mdudu mzima

Lava aliyeshiba hutafuta mkunjo wa jani au ufa wa gome, akasokota kifukofuko cheupe cha mviringo, kikubwa kidogo kuliko punje ya mtama. Humo hugeuka kuwa pupa. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo, kifuniko cha duara hukatwa kwa unadhifu kama mfuniko wa kopo, na anayetoka si mdudu mzima bado, bali pupa mwenye miguu, ambaye hutembea hadi apate mahali pa kujishika, ndipo ajivue ngozi kwa mara ya mwisho na kukunjua mbawa. Karibu jambo la kwanza afanyalo baada ya hapo ni kutoa kidonge kimoja cheusi na kigumu, ndicho mavi ya utoto wake wote.

Mdudu mzima wa jenasi ya Chrysoperla hali nyama tena. Hula chavua, mbochi ya maua na yale maji matamu ya vidukari, na tumboni mwake huishi hamira za asili. Usiku anaporuka husikia sauti za popo kwa kiungo kilichomo katika mishipa ya mbawa zake za mbele, kama Lee Miller alivyoonyesha katika miaka ya 1970. Akisikia popo amekaribia, hufunga mbawa na kujiangusha. Wakati wa kuoana, dume na jike hutikisa matumbo yao bila ya kuligonga jani, na mtikisiko huo husafiri katika jani kama wimbo usiosikika kwa sikio letu. Charles Henry wa Chuo Kikuu cha Connecticut ametumia miaka mingi kuzirekodi nyimbo hizo, na kwa njia hiyo imejulikana kuwa wadudu waliodhaniwa kuwa spishi moja, kwa kuwa sura zao ni moja, ni spishi kadhaa zisizooana, kila moja na wimbo wake. Tofauti hiyo ina maana kwa mkulima pia: anayeagiza mbawa-kimia kutoka nchi za mbali huenda akaletewa mgeni badala ya yule aliyezoea mimea na majira ya kwake.

Njia ya misafara na mazao yake

Mji wa Tabora ulikua katika njia kuu ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji. Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857, wakati huo mahali hapa pakiitwa Kaze. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872. Pamoja na nguo, shanga, pembe na watu waliofungwa minyororo, njia ile ilipitisha mbegu. Muembe ni mti wa Asia, nao ni alama ya njia hiyo hata leo. Muhogo na tumbaku ni mimea ya Amerika. Kila mmea mgeni hufuatwa, mapema au baadaye, na wadudu wake.

Mbawa-kimia hakuja na msafara wowote, lakini mgeni akifika humla, kwa kuwa hachagui. Hapo pana nguvu yake, na hapo hapo pana udhaifu wake. Mfano mzuri ni kidung'ata wa muhogo, mdudu wa Amerika ya Kusini aliyeonekana barani Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika nchi za Kongo, akaenea na kuharibu mashamba kutoka pwani hadi pwani. Wawindaji wenyeji, wakiwamo jamaa za mbawakavu wenye madoa na mbawa-kimia, walimla, lakini hawakuweza kumzuia. Aliyemzuia ni nyigu mdogo aliyetafutwa Paraguay na kufunguliwa nchini Nigeria mwaka 1981, katika kazi iliyoongozwa na Hans Herren wa taasisi ya IITA, ambaye kwayo alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Nyigu yule humfuata adui mmoja tu, hata adui akiwa amebaki wachache. Mbawa-kimia, vidukari wakipungua, hula kingine au huhama.

Kwa hiyo mwandishi haungi mkono wale wasemao kwamba lava hawa ni tiba ya kila kitu. Huko Texas, Ridgway na Jones waliwafungua katika pamba mwishoni mwa miaka ya 1960, na funza wa vitumba walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Lakini katika jaribio hilo walitumia karibu lava 300,000 kwa ekari moja. Hesabu hiyo si ya mkulima wa Nzega au Igunga. Katika Kenya, van den Berg na Cock waliochunguza maadui wa funza wa vitumba waliona kuwa sisimizi na kunguni wadogo wawindaji ndio walio wengi na wenye kazi kubwa zaidi. Na katika tumbaku, zao kubwa la Urambo, Kaliua na Sikonge, lava hupata taabu ya pekee: majani yale yana nywele zenye ute. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1974 ulionyesha kuwa lava hutembea polepole zaidi juu ya tumbaku kuliko juu ya pamba. Anayetembea polepole hukutana na vidukari wachache.

Walio karibu na bustani

Faida yake hasa yapatikana kwa wale ambao hawahitaji kumnunua, kwa sababu tayari wanaye. Bustani za kunde, bamia, mchicha na kabichi zilizo nyuma ya nyumba za mjini, na mashamba madogo yaliyochanganya mazao, ndizo mahali ambapo lava huyu hufanya kazi bila ya kulipwa. Kidukari hadhuru kwa kunyonya utomvu tu. Huwapelekea mimea virusi, na kundi dogo lililozuiwa mapema lina thamani kuliko kundi kubwa lililouawa baadaye.

Yanayotukia mara nyingi ni haya. Mwenye bustani huona majani ya kunde yamekunjamana, hugeuza moja, hukuta vidukari weusi na katikati yao mdudu wa kahawia mwenye taya. Huamua kuwa yule mkubwa ndiye mama wa uharibifu. Hupuliza dawa. Vidukari wengi hufa na lava hufa pamoja nao. Vidukari waliosalia huzaa bila ya kuoana na bila ya kutaga, wakatoa watoto hai baada ya siku chache, na sasa hakuna wa kuwala. Baada ya wiki mbili dawa yahitajiwa tena. Lawama hutupiwa dawa kwamba ni dhaifu.

Dawa zote haziui kwa kiasi kimoja. Uchunguzi wa Marekani katika miaka ya 1970 ulionyesha kuwa lava wa mbawa-kimia hustahimili baadhi ya pairethroidi, yaani dawa za kiwandani zilizoigwa kutoka katika pareto, kuliko avumiliavyo dawa za fosforasi. Mayai yaliyo juu ya nyuzi, na pupa walio ndani ya vifukofuko, huokoka mara nyingi kuliko lava aliye wazi. Lakini dawa imuuayo huyu aghalabu humwua nyuki pia, na Tabora ni nchi ya asali. Mfugaji wa nyuki na mkulima wa bustani wana ugomvi mmoja na pampu ile ile.

Kabla ya kupuliza, basi, jani ligeuzwe. Kiwavi mlaji huacha matundu na mavi meusi kandokando yake; lava wa mbawa-kimia haachi matundu wala mavi, ila maganda makavu ya vidukari. Kiwavi hutambaa kwa miguu mingi, mwili ukiwa mviringo kama uzi mnene; huyu ana miguu sita tu, amechongoka nyuma, naye hukimbia. Penye nyuzi zenye mayai, mama amekwisha kupita. Maua yaliyoachwa kandokando ya tuta, hata ya magugu yasiyo na madhara, humpa mdudu mzima chavua. Hagen wa California alikwenda mbali zaidi, akapulizia mashamba mchanganyiko wa sukari na hamira ili mbawa-kimia wavutwe na harufu kama ya maji ya vidukari, nao wakaja wakataga.

Mwalimu wa shule ya msingi atakaye kuwaonyesha wanafunzi haya yote hahitaji maabara. Achukue chupa ya kioo yenye mdomo mpana, atie kipande cha karatasi ya kufuta ili unyevu usizidi, na jani la kunde lenye vidukari. Atie lava mmoja. Wawili watalana, na asubuhi atabaki mmoja mnene. Mdomo wa chupa ufungwe kwa kitambaa chembamba, na jani libadilishwe kila siku. Wanafunzi wahesabu vidukari jioni na asubuhi, waandike. Siku lava akikataa kula na kuanza kuzungukazunguka chini ya kitambaa, wamwekee karatasi iliyokunjwa, wala wasiitikise chupa. Baada ya wiki moja hivi watakuta kifuniko kidogo cha duara kimefunguka katika kifukofuko, ngozi nyeupe tupu imeshikamana na kitambaa, na mdudu wa kijani ametulia karibu yake, mbawa zake bado ni laini. Wangoje hadi magharibi, wakati popo hawajatoka, ndipo wakifungue kitambaa dirishani.